Mwaka Maneno ya Wajane Yalipokatwa

Mwezi uliopita niliitwa kula chakula cha mchana na Dakta Gervas kwenye hoteli moja ya watalii hapa Karatu, moja ya zile zenye majani yaliyonyolewa na vijana wa kukufungulia mlango hata kama mikono unayo. Amezeeka, anatembea kwa fimbo, na walioandaa ile shughuli walitaka kumpongeza kwa kazi aliyoifanya upande wetu huu enzi za ujana wetu. Aliponiona alinyanyuka kwa taabu, akanishika bega mbele ya wote na kusema, "Huyu ndiye binti aliyekuwa anatupigia chapa. Vidole vyepesi huyu!" Watu wakacheka, nami nikacheka. Nina wajukuu walionizidi urefu, lakini kwake bado ni binti wa vidole. Baadaye kijana mmoja mwenye tai akasimama kuisifu ile ripoti, eti ilikuwa mbele ya wakati wake, eti iliwapa wananchi wa kule juu sauti yao. Dakta akainamisha kichwa kwa unyenyekevu na kuupokea ule unafiki wote. Nilikula wali wake, nikala kuku wake, nikaaga vizuri, nikarudi nyumbani Daa tumbo limejaa na roho imechafuka. Mume wangu akaniuliza shughuli ilikuwaje, nikamwambia asiniulize. Sasa naandika, kwa sababu ripoti ile mimi naijua ilivyokuwa kabla haijakatwa, na wanaoijua hivyo tumebaki wachache.

Ilikuwa miaka ya themanini inaishia, sabuni na sukari zimeanza kurudi madukani na watu wameanza kuvaa mitumba bila aibu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kujifunza kupiga chapa Arusha, nikapata kazi kwenye mradi wa Dakta. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba ya zamani ya shamba la kahawa, chenye sakafu ya mbao na dirisha moja lililotazama jenereta. Hapo ndipo ilipokaa kompyuta, imefunikwa kitambaa cha kufuma cha mke wa mlinzi, kile cha maua ambacho watu huweka juu ya redio. Vumbi jekundu la Karatu tulilipiga vita kutwa nzima. Mlangoni tuliweka gunia bichi, ukiingia unavua viatu, na Dakta akikukuta na soksi chafu anakurudisha nje. Miezi ya baridi ukungu ulishuka mpaka kwenye dirisha, vidole vinakufa ganzi, nami napasha mikono kwenye kikombe cha chai kabla sijagusa vibonye. Nilikipenda kile chumba. Nasema hivyo mapema, maana hasira yangu ingekuwa ndogo kama ningekuwa nimekichukia.

Kazi ilikuwa hivi. Kule juu, upande wa Ngorongoro, kulikuwa na bonde lenye chemchemi na udongo wa chumvi ambao ng'ombe hulamba, na wakubwa walikuwa wameunda kamati ya kuamua ni maboma gani yabaki pale na yapi yahame. Waliosemekana ni wa siku nyingi wangebaki. Waliosemekana ni wa juzijuzi wangehamishwa kwenda nyika kavu za chini, ambako ng'ombe wanakonda ukiwaangalia. Kamati ikamtaka Dakta, mtu wa chuo kikuu, akawasikilize wenyeji na kuandika nani kakaa wapi, tangu lini, na kwa ushahidi gani. Kwa hiyo kila neno tulilolipiga chapa mle chumbani lilikuwa na boma la mtu nyuma yake. Hilo Dakta alilijua vizuri kuliko sisi sote, maana ndiye aliyetuambia siku ya kwanza, akiwa amesimama na soksi zake za kijivu: "Mtu akikosekana humu, amekosekana kweli."

Mwenzangu alikuwa Saning'o, kijana wa Kimasai wa bonde hilohilo, aliyesomeshwa na misheni na kurudi na Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Yeye alikwenda na kinasa sauti, akawarekodi wazee kwa Kimaa, akarudi na kaseti. Anakaa kwenye stuli nyuma yangu, anasikiliza kidogo, anabonyeza kusimamisha, ananitafsiria kwa sauti, nami napiga. Kaseti zilikuwa adimu mno, basi nikishapiga chapa ya mtu, kaseti yake inarudi porini kurekodiwa mtu mwingine juu yake. Tulikuwa tunataniana sana. Mimi Mmbulu, yeye Mmasai, na kila mmoja alikuwa na babu aliyewahi kumwibia ng'ombe babu wa mwenzake. Akinikuta nakula makande ananiambia, "Endelea kutafuna kokoto, ndiyo maana meno yenu mabaya." Namjibu, "Bora mimi ninayejua kutafuna. Nyie mnakunywa tu, kama ndama." Mlinzi alikuwa akitusikia anatikisa kichwa, akidhani kuna siku tutashikana mashati.

Kompyuta ile haikuwa na picha wala kishale cha kusogeza kama hizi za wajukuu. Ilikuwa skrini nyeusi, herufi za kijani, na mstari mmoja unaokungoja uandike amri. Ukiandika sawasawa inatii. Ukikosea herufi moja inakujibu kwa Kiingereza kifupi, nawe unajiona mjinga. Kila jioni nilitoa amri ya kuunganisha maandishi ya siku ile kwenye mkia wa faili moja kuu, halafu nafuta yale ya siku ili disketi ipate nafasi. Faili likanenepa. Likanenepa mpaka siku moja nikataka kulifungua nisahihishe jina, mashine ikakataa katakata. Nilidhani nimeua kazi ya miezi. Nililia, sikufichi. Saning'o akanifuta machozi kwa utani, "Angalau ng'ombe akivimbiwa tunajua pa kumtoboa."

Na kweli dawa ilikuwa kutoboa. Fundi mmoja wa Arusha alikuja na disketi yenye programu ndogo ya kukatia maandishi, akatuonyesha. Hulifungui faili. Unabaki nje, kwenye ule mstari wa amri, unaandika jina la programu, unaandika jina la faili, halafu unaiambia alama ya kukatia. Unabonyeza Enta. Programu inapita kutoka juu hadi chini, na kila inapokuta mstari unaoanza na alama ile, inakata hapo na kuanza faili jipya, inalipa namba, inaendelea. Ukiangalia baadaye, faili moja lisilofunguka limekuwa mafaili madogo yanayofunguka yote, na lile kubwa liko palepale, halijaguswa. Basi swali pekee ni alama. Kwenye maandishi yetu kulikuwa na alama za aina mbili. Kila mtu alipoanza kusema, niliandika mstari wenye neno Msimulizi, jina lake na boma la nani. Halafu ndani ya maneno yake, kila alipohamia jambo jingine, niliweka nyota na neno la jambo lenyewe: maji, malisho, chumvi, maboma. Mimi na Saning'o tulikata kwenye Msimulizi. Kila mtu akawa na faili lake, maneno yake yote pamoja, jina lake juu. Tulisahihisha tulichotaka, tukaviunganisha vipande tena kama vilivyokuwa, tukafuta vile vidogo. Nilijiona fundi. Nilitembea Karatu jioni ile kifua mbele, na hakuna aliyejua kwa nini.

Mama yake Saning'o alikuwa miongoni mwa waliosimulia, na siku ya kwenda kumsikiliza nilipanda nao Land Rover, maana Dakta alitaka mwanamke awepo. Boma lake lilikuwa juu kidogo ya chemchemi. Tulipofika nikainamisha kichwa, akasema, "Takwenya," nikajibu, "Iko," akacheka kwa kuwa Mmbulu amejibu vizuri. Nyumba yake ilikuwa na giza la kupendeza na moshi wa kukutoa machozi. Akanipa maziwa kwenye kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha mti, yana ule uchachu wa moshi, nikayamaliza yote na akaniongeza. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, kifupi na cha kukata bei, lakini kwa Kimaa alizungumza mpaka jua likageuka. Alieleza walivyofika pale akiwa bi harusi, walivyoichimba ile chemchemi ikiwa tope tu, mwaka wa ukame walivyowapokea watu wa mbali wakawagawia zamu za kunywesha. Na kila mara mtu aliyefanya mambo hayo alikuwa "mwenye boma". Mwenye boma alichimba. Mwenye boma alisema zamu ziwe hivi. Mimi nikamuuliza Saning'o, kwa sababu kalamu yangu ilikuwa inasubiri, "Jina lake mzee ni nani?" Mama akainuka kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Saning'o alinitoa nje. "Baba alishafariki," akasema. "Jina la marehemu kwetu halitajwi. Watu wake hawalitaji. Mama hatalitaja mpaka anaingia kaburini, na mimi pia."

"Sasa nitaandika nini?"

"Kaulize kwa mtu wa mbali. Mimi usiniulize."

Mzee mmoja wa boma la ng'ambo, asiye wa ukoo wao, ndiye aliyenisindikiza hadi garini na kuniambia lile jina kwa sauti ya chini, akiangalia kwanza nyuma yetu. Nikaliandika mara moja, juu kabisa, kwenye mstari wa Msimulizi: mama Saning'o, boma la fulani. Chini yake kurasa na kurasa, na jina halikurudi tena hata mara moja. Baadaye niligundua wajane wote wa bonde lile walikuwa hivyo. Wanaume hai wao walijitaja kila baada ya pumzi, mimi fulani, baba yangu mdogo aliye hai ni fulani, boma langu ni hili. Wakulima wa upande wetu ndio kabisa, hawamalizi sentensi bila kutaja majina ya shamba na ya jirani. Wajane tu ndio waliosema "mwenye boma", na jina la mume lilining'inia kwenye mstari mmoja wa juu.

Kisha ikaja habari kwamba wageni watakuja. Wafadhili, wazungu kadhaa na mkubwa mmoja kutoka Dar, watafika kuiona ripoti kabla ya mkutano wa kamati. Dakta akaacha kulala vizuri, tuliona machoni. Kuta za ile nyumba zilikuwa za ubao, nami nikiwa na chai yangu nilimsikia chumba cha pili akizungumza na mhasibu. "Hawa hawasomi hadithi za vikongwe. Wanataka mada. Sura ya maji, sura ya malisho, sura ya maboma. Nikiwapa bibi mmoja anaongea kurasa ishirini wataniona mwandishi wa ngano." Mhasibu akaitikia kama kawaida yake. Sikuona hatari. Nilijua mada zinaweza kupangwa bila kumpoteza mtu. Ingenibidi tu kubandika jina la msimulizi juu ya kila kipande kabla ya kukata kwenye nyota, kazi ya siku chache, ya kuchosha lakini si ngumu. Nilimwambia Dakta hivyohivyo. Akasema, "Tutaona."

Akanituma Mang'ola kununua vitunguu. Ninyi mnaosoma mnaweza kucheka, lakini ndivyo ilivyokuwa: kulikuwa na karamu ya wageni, vitunguu vya Mang'ola ni bei rahisi, na gari lilihitaji mtu wa kubishana na wauzaji. Saning'o alikuwa porini. Nilikwenda chini kule kwenye joto la Eyasi, gari la vitunguu likaharibika mbele yetu na kuziba njia, tukalala huko, nikarudi siku ya pili nikinuka kitunguu hadi kwenye nywele. Nikavua viatu, nikaingia. Dakta alikuwa amekaa kwenye kiti changu, kikombe chake juu ya kitambaa cha maua, uso umemng'aa. "Nimemaliza," akasema. "Nawe unasema siwezi mashine."

Alikuwa amekata kwenye nyota. Moja kwa moja. Ile programu ikafanya ilichoambiwa, kipande kimoja kimoja: mstari wa Msimulizi ukabaki mkiani mwa kipande cha mtu aliyetangulia, Dakta akaufuta kama takataka, na maneno yakaenda kwenye vipande vingine bila jina. Halafu akasoma vipande, alipokuta jina ndani ya maneno akaliweka mbele, na kuviunganisha kwa mada. Vile visivyo na jina ndani alivianzishia maneno yake mwenyewe. Nikasogeza skrini, nikasoma sura ya maji. Mzee fulani anasema hivi. Bwana fulani anasema vile. Halafu, chini: "Wengine walisema kuna chemchemi iliyochimbwa na wakazi wa awali." Wengine. Nikaenda sura ya chumvi, wengine. Sura ya maboma, wengine. Mwishoni alikuwa ametengeneza orodha ya maboma ya siku nyingi, kutokana na majina aliyoyaona. Hakukuwa na boma hata moja la mjane.

"Dakta, faili kuu liko wapi?"

"Disketi zilijaa. Ningeweka wapi haya mapya?"

"Umelifuta?"

"Binti, kila kitu kimo humu. Hakuna neno lililopotea."

"Majina yamepotea. Mama Saning'o amepotea. Hawa akina mama hawawataji waume zao waliokufa, nilikueleza toka siku ile tuliporudi kutoka bondeni. Jina lilikuwa pale juu tu."

Alinielewa, naapa alinielewa, niliiona ile habari ikifika usoni kwake. Halafu akachukua kikombe chake. "Nakala zimeshakwenda Arusha kuchapwa na kujalidiwa," akasema. "Na kaoge, unanuka."

Nimeishi na ile sentensi ya mwisho miaka yote hii. Watu huniambia mambo ya zamani yaachwe, alikuwa na shinikizo, kompyuta zilikuwa ngeni, nani angejua. Alijua. Ugeni wa kompyuta haukumfanya mtu asisikie anachoambiwa. Leo mjukuu wangu anaandika amri kwenye skrini nyeusi kama ile, anajivunia, anakata faili la maelfu ya mistari kabla sijamaliza kumeza chai, na jambo la kwanza analofanya ni kuacha nakala. Nilimuuliza nani kamfundisha hivyo, akaniambia, bibi, hilo hata halifundishwi. Nikatoka nje nikasimama kwenye mahindi mpaka hasira ikapoa.

Saning'o aliporudi nilimwonyesha. Kaseti ya mama yake ilikuwa imesharekodiwa juu yake sauti za watu wa Sale, huko Loliondo, wakieleza habari za mtama wao. Alisoma ukurasa wa maji akiwa amesimama, kidole chake kikafika kwenye lile neno na kubaki hapo. "Wengine," akasema. Hakuniuliza nani. Alikwenda kwa Dakta, na kupitia ubao nikasikia sauti ya Dakta ikiwa laini, ile ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. "Mwambie mama aje mkutanoni. Atasimama, ataeleza, na mimi nitakuwepo. Kamati ni watu wazuri. Tutarekebisha palepale." Saning'o akamwamini. Na mimi, sijui niseme nini, nikaamini kidogo. Tuliwapikia wageni wale vitunguu vyote.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi huko juu, wanakamati kwenye meza ya mwalimu, watu kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Ripoti ilikuwa mezani, jalada la buluu, inanukia gundi. Mwenyekiti, mtu mnene mwenye koti la kaunda, akasoma orodha ya maboma, na kila lililosomwa mtu aliguna kwa kuridhika. Alipofika mwisho akafunga. Mama Saning'o akasimama. Nilikuwa nimekaa ukutani na daftari langu la kuandika muhtasari, nikamwona anavyozishika shanga zake shingoni ili zisilie. Akaeleza tena yote kwa Kimaa, chemchemi, zamu, mwaka wa ukame, na mwanawe akatafsiri neno kwa neno, sauti yake haitikisiki. Wazee waliokuwepo wakaitikia kila kituo, ee, ee. Hakuna hata mmoja aliyepinga.

"Vizuri sana, mama," Mwenyekiti akasema. "Boma la nani?"

Saning'o akatafsiri. Mama akajibu, naye akasema, "Anasema la mwenye boma."

"Jina lake. Tuliangalie humu."

Mama akasema kitu kifupi. "Anasema mnalijua," Saning'o akasema.

"Mimi silijui, kijana. Wewe si mwanawe? Litaje wewe, tuliandike, tumalize."

Nilimtazama Saning'o. Mdomo wake ulifunguka. Mama yake hakumtazama, alitazama ubao wa darasa uliokuwa na hesabu za watoto, na nikaona kabisa kwamba kama angelitaja, angempa boma na kumnyang'anya kitu kingine ambacho sina neno lake kwa lugha yangu. Saning'o akaufunga mdomo. Wale wazee wote walilijua jina lile, walilala na kuamka nalo, wakaangalia magoti yao. Nami nikamgeukia Dakta Gervas, aliyekuwa amekaa upande wa kamati na miwani yake mkononi. Alikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Mwenyekiti, huyu mama tulimsikiliza, maneno yake yamo, jina liliachwa na mimi wakati wa kupanga. Basi. Sentensi moja, na angeendelea kuwa Dakta. Badala yake akainama kwenye sikio la Mwenyekiti, na kwa kuwa nilikuwa ukutani karibu nao nikamsikia: "Tukifungua hili moja, itabidi tufungue yote."

Nikasimama. Nikasema mimi ndiye niliyepiga chapa, kwamba maneno ya mama huyu yamo kwenye kitabu kile yakiitwa ya wengine, kwamba jina lilikuwepo na likakatwa. Nikalitaja. Hapa siliandiki. Mama Saning'o akavuta shuka yake ikamfunika uso.

Mwenyekiti akafungua ripoti, akapitisha kidole kwenye orodha, polepole, kwa heshima zote. "Halimo," akasema. Akamgeukia Dakta. "Dakta, limo?"

"Ripoti ndiyo hiyo," Dakta akasema.

"Basi tusaidiane, binti. Wewe ni mpiga chapa. Shahidi ni ripoti." Akaita mtu mwingine mwenye malalamiko.

Sijutii kusimama, na kesho ningesimama tena. Kinachonikera mpaka leo ni jinsi ilivyokuwa rahisi kwao, jinsi lile jina lilivyotoka mdomoni mwangu likaanguka kwenye sakafu ya darasa na hakuna aliyeinama kuliokota. Sikuandika muhtasari uliobaki. Kwenye ukurasa ule wa daftari nilichora mistari tu mpaka watu walipoanza kutoka.

Nje kulikuwa na upepo na watu walikuwa wanafungua punda wao. Mama Saning'o alikuwa amesimama peke yake karibu na uzio wa shule, uso amekwisha kuufunua. Nikamwendea. Nilitaka kumwambia pole, nilitaka kumweleza habari za nyota na disketi, mambo ambayo hata kwa Kiswahili cha darasani hayaelezeki. Akaniwahi yeye, kwa kile Kiswahili chake cha mnadani.

"Wewe umetaja."

"Nimetaja, Yeyo," nikasema, nikimwita mama kwa Kimaa.

"Mimi sikutaja. Mtoto hakutaja. Tangu siku ile tumemzika, hakuna mtu ametaja mbele yangu." Akaangalia upande wa bonde, ambako boma lake lilikuwa bado linatoa moshi. "Sasa limetajwa. Na boma hawakunipa."

Akajifunga shuka vizuri, akashika njia ya kushuka. Saning'o akapita karibu yangu akamfuata, na hakunitazama.